Msitu wa familia na fedha za hewa ukaa: kinachouzwa, anayelipwa na anayefungwa

Familia nyingi Afrika Mashariki zina kipande chao cha miti: nusu ekari ya mikaratusi nyuma ya nyumba, mistari ya migrivea kwenye mpaka wa shamba la kahawa, au kichaka cha asili kando ya kijito ambacho babu alikataza kisikatwe. Miti hiyo ni akiba. Ada ya shule ikikwama au mgonjwa akilazwa, mnunuzi wa mbao huitwa. Miaka ya karibuni amebisha hodi mgeni mwingine, naye anasema hataki mti ukatwe. Yuko tayari kulipa ili ubaki umesimama. Mgeni huyo ananunua nini hasa, na familia inajifunga vipi inapokubali?

Tani moja ni miti mingapi?

Mti unapokua huvuta hewa ukaa kupitia majani, hubakiza kaboni na kuitumia kujenga shina, matawi na mizizi. Takriban nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Kila kilo ya kaboni hiyo ilitokana na kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu ilipokuwa hewani ilikuwa imeshikana na oksijeni. Kwa hiyo mti ambao ukikaushwa wote, pamoja na mizizi yake, una uzito wa kilo 200, umeshikilia kilo 100 za kaboni, sawa na kilo 367 za hewa ukaa. Inahitajika karibu miti mitatu ya aina hiyo ili kufikia tani moja.

Tani moja ndiyo kipimo cha soko. Ikipimwa, ikahakikiwa na mkaguzi wa nje na kuandikwa katika daftari la taasisi kama Verra au Plan Vivo, inakuwa hati moja ya kaboni. Vyombo vya habari mara nyingi huiita "mkopo wa kaboni", jina linalopotosha, maana hapa hakuna anayekopa wala anayekopesha. Kampuni inayotaka kufidia moshi wa viwanda au ndege zake hununua hati hizo, kisha zinafutwa daftarini ili zisiuzwe mara ya pili.

Gharama za kupima, kukagua na kusajili ni kubwa. Familia moja yenye ekari mbili haiwezi kuzibeba peke yake, na ndiyo sababu karibu kila mpango unaowafikia wakulima wadogo unawakusanya wengi chini ya mwavuli mmoja, na mwenye mwavuli naye anachukua chake.

Senti mbili kwa mti

Mmoja wa mipango ya zamani zaidi katika eneo letu ni TIST, ulioanza mwaka 1999 Mpwapwa, mkoani Dodoma, kisha ukaenea Kenya, Uganda na India. Wakulima huunda vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12. Kila mmoja anabaki na ardhi yake na miti yake. Wahesabu waliofundishwa hupita mashambani, huhesabu miti, hupima unene wa mashina na kuchukua alama za eneo kwa GPS. Malipo ya awali ambayo mpango umejulikana nayo ni senti 2 za dola ya Marekani kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, na hati zikishauzwa wakulima wanastahili asilimia 70 ya faida.

Tufanye hesabu bila aibu. Familia yenye miti 500 inapata dola 10 kwa mwaka kabla ya mgao wa faida. Hiyo haimlipii mtoto ada. Wakulima wanaobaki katika mpango wa aina hii kwa kawaida wananufaika zaidi na kile ambacho soko la kaboni halikigusi: kuni za matawi yaliyopogolewa, matunda, kivuli cha kahawa, majani ya mifugo, udongo usiosombwa na mvua. Anayeshawishiwa kwamba kaboni pekee itamtajirisha kwenye ekari moja anadanganywa, au anayemshawishi hajakaa chini na kalamu.

Malipo ya miaka kumi, mti wa miaka mingi

Uganda ina mfano mwingine. Mwaka 2003 shirika la ECOTRUST lilianzisha mpango wa Trees for Global Benefit katika wilaya ya Bushenyi, kusini magharibi mwa nchi, chini ya kanuni za Plan Vivo. Mkulima hupanda miti, hasa ya asili kama musizi, kwenye ardhi ya familia, na kulipwa kwa awamu: asilimia 30 mwanzoni, 20 mwaka wa kwanza, 20 mwaka wa tatu, 10 mwaka wa tano na 20 za mwisho mwaka wa kumi. Kila awamu inategemea miti kukutwa hai na kukua inavyotakiwa. Malipo yamewekwa mbele kwa sababu inayoeleweka: miaka ya mwanzo ndiyo yenye gharama ya miche, mashimo na palizi, na ndiyo ambayo mti hauzai chochote.

Ila ratiba hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Hati zinauzwa kwa makadirio ya kaboni ambayo mti utaihifadhi ukishakomaa, yaani mbali kupita mwaka wa kumi. Fedha ya mwisho inaingia mfukoni, mti unaendelea kudaiwa. Mwaka wa kumi na mbili hakuna awamu inayosubiriwa, mnunuzi wa mbao amesimama mlangoni, na aliyetia saini huenda amezeeka au amefariki. Hapo ndipo mpango wa miti hujaribiwa kweli. Familia iliyopanda shamba lote bila kubakiza mahali pa mihogo na maharage itakuwa imejaribiwa mapema zaidi, kivuli kitakapofunika bustani.

Mwenye msitu uliopo tayari je?

Swali hili huulizwa sana: miti yangu ina miaka thelathini, kwa nini nisilipwe? Jibu ni kwamba soko halilipi mti kwa kuwapo tu. Linalipa tofauti: kaboni iliyoongezeka, au iliyookolewa, ambayo bila mpango isingekuwapo. Kama babu alikataza kukata na hakuna aliyewahi kukata, ni vigumu kuonyesha tofauti hiyo. Wengi huona hili ni dhuluma kwa waliotunza, na hawakosei sana, lakini bila kanuni hiyo mnunuzi angekuwa analipia kitu ambacho tayari angekipata bure.

Nchini Marekani, ambako zaidi ya theluthi moja ya misitu imo mikononi mwa familia, njia mojawapo imepatikana. Mpango wa Family Forest Carbon Program, ulioanza jimbo la Pennsylvania mwaka 2020, unapokea wenye msitu kuanzia ekari 30 kwa mikataba ya miaka 20. Wanalipwa kubadili namna ya kuvuna, kwa mfano kuacha tabia ya kuchagua miti mikubwa iliyonyooka na kubakiza iliyopinda. Ukuaji wa msitu wao unalinganishwa na viwanja vinavyofanana navyo, ambavyo serikali huvipima katika sensa yake ya misitu. Kinachozidi ndicho kinachouzwa. Ekari 30 ni nyingi kwa familia ya Meru au Bushenyi, lakini kanuni ni ileile.

Kuna tatizo la jirani pia. Nikiacha kukata kwangu na mchoma mkaa akahamia kwa ndugu yangu, anga haijafaidika. Miradi hupaswa kupunguza hesabu yake kwa ajili hiyo, na kuweka kando sehemu ya hati kama akiba ya moto, ukame na wadudu. Mashaka juu ya hesabu za namna hii yalilipuka Januari 2023, gazeti la The Guardian na wenzake wa Ujerumani walipochapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa ya hati za misitu ya mvua zilizosajiliwa na Verra hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa ukaa. Verra ilikanusha. Wanunuzi waliingiwa na hofu hata hivyo, na mkulima ambaye mgao wake unafuata bei ya soko huvuna hofu hiyo.

Saini ya nani?

Sheria zimeanza kufuata. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na usajili wa miradi unapitia kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023, ikitaka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka ya miradi ya ardhi. Angalizo kwa familia: sharti hilo limefungwa kwenye mikataba ya jamii kwa ardhi ya umma na ya jamii. Mwenye hati binafsi anategemea zaidi alichokubaliana na mwendesha mradi kwenye karatasi.

Ndani ya nyumba kuna suala gumu kuliko hayo. Sheria ya Ardhi ya Uganda inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, kuwekwa rehani au kukodishwa. Mkataba wa kaboni hauonekani kama uuzaji, kwa hiyo ni rahisi baba kutia saini peke yake, mama akaja kuambiwa siku anapotaka kuangusha mti mmoja wa boriti. Watoto nao hurithi ardhi yenye sharti wasilolijua. Mkataba unaofaa hutaja wazi nini kinatokea mwenye shamba akifa, ardhi ikigawanywa au ikiuzwa. Nani anarudisha fedha miti ikiungua. Na kama kupunguza miti iliyobanana kunaruhusiwa. Usomwe kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mke, mume na watoto wakubwa, na nakala ibaki ndani pamoja na hati ya ardhi.

Kabla mgeni hajafika tena, familia inaweza kuhesabu miti yake yenyewe, kupima mzingo wa kila shina kwa futikamba ya fundi cherehani kwenye usawa wa kifua, na kuandika tarehe daftarini. Mwaka ujao ipime tena. Atakapotaja tani zake, kutakuwa na namba nyingine mezani ya kulinganisha.