Pole Isiyokubali Kosa

Dodoma bahari tunaisikia tu. Maji yetu makubwa ni Hombolo na bwawa la Bahi, na hilo la Bahi jua likikaza unalivuka kwa miguu. Miaka kadhaa baada ya watafiti wa urani kupita Bahi na Manyoni, nilienda kule kuandika habari. Mzee mmoja mkulima wa mpunga akaniuliza: "Mwanangu, vumbi hilo likitudhuru, nani atatuambia ni vumbi la nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuja kulikuta swali lake kwenye kisa cha wavuvi wa Japani.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni Bikini, katika visiwa vya Marshall. Bomu lilizidi hesabu zao zaidi ya mara mbili. (Visiwa hivyo vilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kama Tanganyika yetu. Wenyeji wake walilalamika kwenye Baraza lilelile ambalo Wameru walilifikia mwaka 1952 kudai ardhi yao.) Meli ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa. Majivu meupe yakawanyeshea mabaharia 23 kwa saa kadhaa, wakayazoa kwa mikono mitupu. Walipotia nanga Yaizu tarehe 14, ngozi zimebabuka, nywele zinanyonyoka.

Madaktari wa Japani wakauliza: majivu yana nini? Marekani ikanyamaza, maana kuyataja ni kutoa siri ya bomu. Basi wanakemia wa Tokyo wakayapima wenyewe. Huku nyuma Lewis Strauss, mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, anasema eti meli lazima iliingia eneo la hatari, na vidonda ni kemikali ya matumbawe tu. Madaktari wa Kimarekani walipotaka kuwaona wagonjwa, wakatiliwa shaka. Si ajabu: Hiroshima walishajulikana kwa kupima bila kutibu.

Tarehe 23 Septemba akafa Kuboyama Aikichi, mwendesha redio, miaka 40. Marekani ikabisha: ni ini, limeharibiwa na damu aliyoongezewa. Huenda kweli. Lakini hebu tuulizane, aliongezewa damu kwa nini?

Januari 4, 1955, Marekani ikatoa dola milioni 2 na kusema ni hisani, bila kugusa wajibu wa kisheria. Japani ikapokea, shauri likafungwa. Kwetu pole huleta hata jirani asiyehusika. Fidia hutoa aliyeumiza. Hizo zilikuwa hela za pole, na nyingi zilikwenda kwenye biashara ya samaki iliyodorora.

Mabaharia walipata fungu lao. Mmoja wao, Oishi Matashichi, alirudi kwao akakuta majirani wanamwonea kijicho kwa pesa hizo, na wengine wanaogopa ugonjwa wake. Akahamia Tokyo, akafungua duka la udobi.