NGOZI YA BANDIA ILIYOTENGENEZWA NA PAPA: STORI NDEFU YA KIDONDA CHA KIFUNDO

Kwenda Kisiwa Panza, kusini kabisa mwa Pemba, watu hushuka Chokocho na kupanda boti. Ni kisiwa cha wavuvi na wakulima wa mwani, watu ambao kazi yao inataka miguu ishinde majini. Na majini humo yupo taa, samaki bapa anayejifukia mchangani. Akikanyagwa anarusha mkia, na mwiba wake wenye meno kama msumeno unapiga unyayo au kifundo cha mguu. Ukichomoka, unatoka na nyama.

Mjini kazi hiyo inafanywa na bodaboda. Mtoto kapakiwa nyuma, mguu unanasa kwenye spoku. Au pikipiki inalala, kifundo kinasagwa na lami. Balaa tofauti, kidonda kilekile.

Sasa kwa nini kifundo kinasumbua hivyo? Paja likichunika chini yake kuna nyama tele, yenye damu. Kifundoni ngozi ni nyembamba, na chini yake moja kwa moja ni mfupa na kano. Daktari akichukua ngozi ya paja na kuibandika juu ya mfupa mtupu, haishiki. Ngozi iliyopandikizwa huishi kwa kunyonya damu ya pale ilipowekwa, na mfupa ulio wazi hauna cha kuipa. Inageuka nyeusi, inakufa. Kidonda kikikaa wazi, vijidudu vinaingia mfupani, na hapo ndipo maneno ya kukata mguu yanapoanza kusikika wodini.

Watu walihangaika na hili kitambo. Mwaka 1854 daktari mmoja wa Marekani alifunika kidonda cha mguu kwa nyama ya mguu wa pili bila kuikata yote. Miguu miwili inafungwa pamoja kwa wiki kadhaa mpaka nyama izoee makao mapya, ndiyo inatenganishwa. Jaribu kufikiria kwenda msalani hivyo! Mwaka 1869, Paris, daktari kijana kutoka Uswisi akaonyesha kwamba vipande vidogo vya ngozi vinaweza kupandwa juu ya kidonda na vikaota. Wengine baada yake walijaribu hadi ngozi ya chura. Haikudumu.

Mabadiliko makubwa yalianzia Boston, na yalianza kama kazi iliyoharibika. Daktari wa upasuaji John Burke alichoka kuona wagonjwa wa moto wakifa kwa kukosa ngozi ya kuwafunika. Akaungana na Ioannis Yannas, Mgiriki wa chuo cha MIT ambaye hakuwa daktari kabisa. Yeye alikuwa mtu wa plastiki na nyuzi. Walitaka kitu cha kufanya kidonda kifunge haraka. Kimoja kati ya walivyojaribu kikafanya kinyume, kidonda kikachelewa kujikunja. Wengi wangekitupa. Yannas akachungulia vizuri na kuona kwamba pale palipochelewa, mwili ulikuwa unajenga tabaka jipya la ndani la ngozi badala ya kovu.

Kitu chenyewe kilikuwa nini? Kolajeni ya ng'ombe ikachanganywa na kitu kinachotolewa kwenye gegedu la papa, kisha ikafunikwa juu kwa utando wa silikoni. Papa, ndiyo, yuleyule wa baharini. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kuanzia nusu ya mwili hadi asilimia 95. Marekani iliruhusu bidhaa hiyo, Integra, mwaka 1996.

Kwa hiyo jina "ngozi ya bandia" linadanganya kidogo. Ile ni kama mtambo wa mwashi: mishipa ya damu inaupanda kutoka pembeni ya kidonda, inavuka juu ya kano na mfupa, na baada ya wiki mbili hadi tatu kunakuwa na udongo wa kupandia. Silikoni inabanduliwa, ngozi nyembamba ya paja inawekwa, safari hii inashika. Ndiyo maana kitu kilichobuniwa kwa ajili ya moto kikahamia kwenye vifundo.

Baadaye samaki wenyewe wakaingia. Iceland wanatumia ngozi ya samaki wa bahari ya baridi, na Brazil madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, samaki ambaye asili yake ni Afrika hii hii. Kwa mgonjwa Muislamu samaki hana utata kama ngozi ya nguruwe, ambayo nayo imetumika sana hospitalini.

Shida ni bei. Kipande kidogo cha Integra ni pesa nzito, ndiyo maana sehemu nyingi madaktari hutegemea zaidi mbinu iliyoandikwa na Wafaransa mwaka 1992: nyama ya nyuma ya muundi inageuzwa ikiwa na mishipa yake na kushushwa kifundoni, bila kuhitaji darubini.

Na hata ukipata hicho kipande, mtu wa Panza ana hesabu nyingine. Kwanza boti hadi Chokocho, halafu barabara hadi Mkoani, kwenye Hospitali ya Abdulla Mzee, na hapo bado hajajua kama ataambiwa avuke tena kwenda Unguja. Wiki tatu baadaye kuna upasuaji wa pili. Katikati hapo mguu usiguse maji, na nyumbani kwake ni kisiwani.