Baraza na Simu: Historia Fupi ya Mazungumzo ya Wananchi

Neno "baraza" limebeba maana mbili zinazofaa kutenganishwa. Kwanza, ni mahali pa kukaa palipojengwa mbele ya nyumba, hasa katika miji ya pwani, ambapo majirani huzungumza na kila asemaye hujibiwa. Pili, ni mkutano wa hadhara. Chini ya utawala wa Waingereza nchini Kenya maana hii ya pili ilipata sura ya amri. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa wakuu wa maeneo uwezo wa kuamuru watu, hata katika kazi za umma; barazani mwananchi akaenda kutangaziwa. Dai letu ni kwamba mitandao ya kijamii huimarisha demokrasia pale tu inapolirudishia baraza maana yake ya kwanza.

Tuchukue mfano wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru. Kufikia mwaka 2012 chifu wa huko, Francis Kariuki, alikuwa akitumia Twitter kuwaarifu wakazi juu ya wezi, mifugo iliyopotea na mikutano. Aliandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na wasio na simu za intaneti waliupata ujumbe kwa njia ya maandishi ya kawaida. Usiku mmoja wezi walipovamia nyumba ya mwalimu, majirani walijitokeza kwa wito wake na wezi wakakimbia. Faida hii si haba. Hata hivyo, sauti ilianzia kwa chifu. Huo ni utawala bora; kujitawala ni jambo jingine.

Hatua ya pili ilionekana mwaka 2024. Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana wakaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, wakiulizana na kusahihishana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo. Baadhi ya mapendekezo yake yalirudi katika sheria ya kodi ya Desemba.

Kwa hiyo, mtandao peke yake haukutosha kulishinda Bunge. Kilichobadilika ni kwamba wengi waliielewa sheria kabla haijapitishwa, kwa kuwa walielezwa kwa lugha wanayoijibu. Kazi hiyo ya tafsiri ilifanywa na watu wa kujitolea, ilhali ni wajibu wa dola na wa idara zetu za lugha. Mswada usiosomeka kwa Kiswahili ni amri ya chifu wa zamani, hata ukisambazwa kwa simu.