Mlo, hifadhi ya chakula na mazoezi ya mwili Kabianga

Kabianga ni kata ya eneo bunge la Belgut, kaunti ya Kericho, kusini magharibi mwa mji wa Kericho, katika nchi ya Wakipsigis. Huko nje inajulikana kwa majani chai na kwa elimu. Shule ya serikali ilifunguliwa hapo mwaka 1925, na Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichoanza 2009 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kilipata hati yake ya kujitegemea 2013. Makala hii inahusu jambo lililoandikwa kidogo mno kulingana na uzito wake: namna watu wa hapo, pamoja na jirani zao wa Bomet, wanavyokula, wanavyoweka chakula kisiharibike na wanavyoutumia mwili. Mengi ambayo maofisa wa lishe wanayahimiza leo yalikuwa tayari katika jiko la Kikipsigis kabla chai haijafika.

Mlo wa kila siku

Mlo wa asili ulikuwa kimnyet, yaani ugali wa wimbi, pamoja na mboga za majani na maziwa. Nyama ililiwa kwa nafasi. Wimbi lina kalisiamu nyingi mara kadhaa kuliko mahindi, na kwa kuwa husagwa na ganda lake, makapi yake yote humfikia mlaji. Ugali wake ni mzito na wa rangi ya kahawia, nao hukaa tumboni.

Mboga zinazotajwa zaidi ni saga, ambayo Waswahili wa pwani huiita mgagani, na managu, yaani mnavu. Saga ina uchungu mkali. Mapishi mazuri ya Kikipsigis huichemsha kwa muda mrefu, kisha huitia maziwa au krimu na kuiacha chunguni hadi siku ya pili ili uchungu upungue. Mboga hizi humea zenyewe kando ya boma au hupandwa kwenye kijishamba nyuma ya jiko, huwa tayari kuchumwa baada ya wiki chache, na hubeba vitamini A na madini ya chuma kwa wingi kupita kabichi. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kama chakula cha wasio na kitu, dharau isiyo na msingi wowote. Siku hizi zimerudi sokoni zikiwa zimefungwa vitita, na bei yake inashindana na ya sukuma wiki.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na baada ya Mamlaka ya Ustawi wa Chai, KTDA, kuundwa 1964, wakulima wadogo nao wakapanda. Kipande kilichokuwa cha wimbi kikawa cha chai au cha mahindi. Fedha za majani na za bonasi zilileta karo na mabati, lakini zilileta pia unga mweupe wa dukani, mafuta ya kupikia na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya wazima hawali mboga na matunda ya kutosha kwa siku. Katika nchi ya kijani kama Kericho, hilo ni jambo la kusikitisha.

Mahindi yenyewe hayakuwa kinga. Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi, unaotokana na virusi viwili kushambulia mmea kwa pamoja, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika eneo la Longisa, Bomet. Mashamba yalikauka kabla ya mahindi kukomaa, na wakulima wakashauriwa kupanda viazi, maharagwe na mazao mengine. Familia zilizokuwa bado na kipande cha wimbi ziliumia kidogo.

Matunda kama parachichi, ndizi na mapera nayo hupatikana.

Mursik

Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Ni chakula cha Wakalenjin wote, ila Wakipsigis na Wanandi ndio wanaotajwa zaidi. Kibuyu huitwa sotet. Baada ya kukomaa hutobolewa, hutolewa mbegu, hulowekwa maji hadi uchungu uishe, kisha hukaushwa. Vingi hupambwa kwa shanga na kufunikwa kwa kifuniko cha ngozi.

Kazi yenyewe huanza kwa usafi. Kibuyu husuguliwa kwa maji ya moto kwa kutumia sosiot, fito ndefu ya ukindu iliyopondwa ncha ikawa kama brashi, kisha huning'inizwa mdomo ukiwa chini hadi kikauke kabisa. Kijiti cha senetwet (Senna didymobotrya), kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kandokando ya njia, huchomwa hadi kiwe kaa jekundu. Kaa hilo huingizwa kibuyuni na kusagwa ukutani kwa sosiot hadi ndani kote kuwe kweusi na laini. Vumbi linalobaki hukung'utwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kibuyu hufungwa, na hukaa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa, wiki, au zaidi. Kabla ya kunywewa hutikiswa, na maziwa hutoka yakiwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu na harufu ya moshi ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga vizuri.

Mkaa hufanya kazi zaidi ya moja. Huziba vitundu vya ukuta wa kibuyu, hutoa ladha, na hupunguza vijidudu vilivyobaki baada ya kuosha. Bakteria wa asidi ya maziwa hufanya yaliyobaki: hula sukari ya maziwa na kuongeza asidi, na vijidudu vingi vya kuozesha haviwezi kuishi humo. Ndiyo maana familia isiyo na jokofu iliweza kuyatumia maziwa ya msimu wa mvua wakati wa kiangazi. Watu ambao matumbo yao hukataa maziwa mabichi mara nyingi huyavumilia yaliyoganda. Kuchemsha kwanza ni hatua ambayo haifai kurukwa, kwa kuwa asidi peke yake si kinga ya kuaminika dhidi ya bruselosi wala kifua kikuu cha ng'ombe. Zamani maziwa yalitiwa yakiwa mabichi, na pengine yalichanganywa na damu ya ng'ombe.

Wapokot, ndugu wa Wakalenjin wengine, wana maziwa yao ya majivu yanayofanana na haya.

Hifadhi ya nafaka

Nafaka iliwekwa katika choget, ghala la fito lililoinuliwa juu ya ardhi na kuezekwa nyasi, na sehemu nyingine kwenye dari juu ya meko, ambako moshi uliwafukuza wadudu. Wimbi ndilo lililofaa kuliko yote: punje zake ni ndogo mno kwa fukusi kuishi ndani yake, na huweza kukaa miaka mingi bila dawa. Mahindi hayana sifa hiyo.

Tatizo la Kabianga ni mvua. Nchi ya chai hupata mvua karibu mwaka mzima, na mahindi mara nyingi huvunwa yakiwa na unyevu. Kiwango salama cha kuweka ghalani ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Juu ya hapo ukungu hupata nafasi, na pamoja nao sumukuvu. Kenya iliifahamu sumu hiyo kwa uchungu mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yalipoua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Kericho haikuwa katika orodha hiyo, ila namna ya kuepuka ni ile ile: kuanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, kuingiza ndani kabla ya mvua ya alasiri, kutenga punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kupanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa imesaidia, kwa kuwa wadudu walio ndani hufa kwa kukosa oksijeni na mkulima hahitaji kunyunyiza dawa kwenye chakula chake.



Mazoezi ya mwili

Mtu wa kwanza kuipatia Kenya medali ya Olimpiki alitoka Kericho. Wilson Kiprugut Chumo, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2022, alipata shaba katika mita 800 huko Tokyo 1964, kisha fedha Mexico City 1968. Mkenya mwingine, Geoffrey Kirui, alishinda mbio za Boston na ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka mmoja, 2017. Utafiti wa Onywera na wenzake, uliochapishwa 2004, ulipima chakula cha wanariadha mahiri wa Kikalenjin na kukuta asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga, na mafuta asilimia 13.4 tu. Miongoni mwa vyakula vyenyewe vilikuwamo ugali, mboga, maziwa na chai.

Kwa wasio wanariadha, mazoezi ni kutembea milimani, kuchota maji na kuchuma chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mchuma chai huzipita kabla ya Jumatano. Mashine za kuchuma na pikipiki za bodaboda zinapunguza kazi hiyo.

Saratani ya umio

Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa iliyoonyesha kwamba saratani ya umio ni ya kawaida miongoni mwa vijana wa wilaya ya Bomet, inakohudumu hospitali ya Tenwek. Mursik ikashukiwa, na vipimo vya maabara vilikuta ndani yake asetaldehaidi na pombe kidogo. Ushahidi huo haujaifanya mursik kuwa chanzo kilichothibitishwa, na si haki kuitangaza hivyo. Pombe ya kienyeji na tumbaku zina ushahidi mzito zaidi. Chai ya moto kupita kiasi nayo imo: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai ya maziwa ya Kericho, inayochemshwa pamoja na sukari na kunywewa ikitoka jikoni, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kuiacha ipoe dakika chache hakugharimu chochote.

Hali ya sasa

Wanariadha wanaorudi na medali bado hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Katika masoko ya Kericho, Sosiot na Litein mursik huuzwa kwa chupa za plastiki, baadhi zikiwa na rangi ya mkaa pasipo kazi ya kibuyu. Mnunuzi amuulize muuzaji kama maziwa yalichemshwa kwanza, kwa sababu rangi haimwambii.