Saa ya Ubongo

Saa ya ubongo ni kifungu cha seli za neva kinachopanga ni lini mtu asinzie na ni lini awe macho. Kimo ndani ya haipothalamasi, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana. Kina seli zipatazo 20,000, na kwa ukubwa hakifikii hata punje ya mchele. Wanasayansi hukiita kiini cha suprakiasma.

Kila seli ina saa yake. Jeni fulani huagiza protini zitengenezwe. Protini zikishajaa hurudi kuzima jeni zilezile, kisha huchakaa na kazi huanza upya. Jeni ya kwanza ya namna hiyo iligunduliwa kwa nzi wa matunda mwaka 1971 na Ronald Konopka na Seymour Benzer. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua utaratibu huo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Mtu akitengwa na mwanga wa jua, mzunguko wake huwa wa saa 24 na dakika kumi na kitu. Kwa hiyo saa hii huchelewa kila siku, na jua la asubuhi ndilo huirekebisha. Giza likiingia, tezi ya pineali humwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku. Mwanga mkali wa taa huichelewesha.

Giza lenyewe, hata hivyo, halimlazi mtu. Mwaka 2015 watafiti walieleza usingizi wa Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotegemea umeme. Kwa wastani walianza kulala zaidi ya saa tatu baada ya machweo, na wengi waliamka kabla ya mapambazuko.

Githongo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Meru, iko karibu kabisa na ikweta. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, Januari hadi Desemba, na mkulima anayewahi shambani hana ugomvi na saa yake. Ugomvi uko katika kiwanda cha chai. Majani ya chai yaliyochumwa mchana hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa, huachwa yachachuke mpaka yageuke kahawia, ndipo hukaushwa. Mavuno yakishamiri, mitambo hukesha, na watu nao.

Kwenye saa kumi alfajiri joto la mwili hushuka kuliko wakati wowote, kope huwa nzito na makosa huongezeka. Kikombe cha chai husaidia, maana kafeini huzuia adenosini, kemikali ya uchovu inayorundikana kadiri mtu anavyokaa macho. Lakini saa ya ubongo haidanganyiki kirahisi hivyo, na baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini ingali mwilini. Mfanyakazi hufika nyumbani jua likiwaka, ubongo ukimwambia kumekucha, na lepe la usingizi halipatikani.

Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa hii katika kundi la mambo ambayo yamkini husababisha saratani.