Mwezi wa Kumi na Tatu

Juja, kuanzia Gate C hadi Gachororo, inaishi kwa pesa za masomo. Helb ikiingia huhitaji kutangaziwa. Foleni ya smokie inarefuka, landilodi anaacha kubisha mlango, na ile bedsita iliyokuwa kimya wiki tatu inapiga muziki hadi asubuhi. Mimi nimekaa hapa miaka ya kutosha kuona pesa hizo zikiingia. Kile ambacho huwa hatuoni ni zikitoka, miaka mitatu minne baadaye, mfukoni mwa mtu ambaye pengine hana mfuko.

Vijana wa hapa na wa Thika huniuliza kama diploma ya kazi za jamii inalipa. Ni kozi inayopendwa, hasa na watu wenye roho safi, wale waliokuwa wanaamua ugomvi darasani. Hawaulizi kwa dharau. Wanataka hesabu. Na hesabu hii, bana, huwezi kuifanya bila historia, kwa sababu sheria ya mkopo wetu iliandikwa ikimfikiria mtu mwingine kabisa.

Kwanza, tuache kuidharau diploma. Hiki chuo kikuu kinachoilisha Juja kilianza kama chuo cha diploma. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1981, kikiitwa Jomo Kenyatta College of Agriculture and Technology, kikisaidiwa na Japani, na mwaka wa 1984 wakapewa vyeti vya diploma. Chuo kikuu kamili kilikuja mwaka wa 1994. Makomredi wengi hawajui hilo, na wale wanaolijua hawalisemi sana.

Mafunzo ya kazi za jamii yenyewe yana umri mkubwa zaidi. Mwaka wa 1925 Jeanes School ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa Carnegie Corporation ya Marekani. Walimu walienda huko na wake zao, wakafundishwa usafi, kilimo, malezi na namna ya kutembelea shule za vijijini na kuziinua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuo hicho kikawa mahali pa kufundishia wafanyakazi wa maendeleo ya jamii, na mwaka wa 1961 kikageuzwa kuwa Kenya Institute of Administration. Siusifu ukoloni hapa. Ulikuwa na sababu zake za kutaka Mwafrika afundishwe choo na shamba badala ya siasa. Lakini angalia jambo moja. Mwalimu wa Kabete alitumwa na misheni yake na alirudi kwa misheni yake. Alikuwa na mwajiri kabla ya kuingia darasani.

Mikopo ilianza kwa mtindo huohuo. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya wachache waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka wa 1974 ukaja mpango wa serikali huru, kwa waliokuwa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Karo ililipwa na serikali. Mkopo ulikuwa wa kula, kulala na vitabu. Wanafunzi wakauita boom, na jina lenyewe linakuambia walivyouona. Wengi waliamini ni zawadi ya uhuru, na serikali haikuwa na sheria ya nguvu ya kuwafuata. Waliohitimu walikuwa wachache, ofisi za serikali zilikuwa na viti vitupu, kwa hiyo hata aliyekataa kulipa hakukataa kwa kukosa. Alikataa tu. Wazee hao ndio hutuambia siku hizi tujifunze kulipa madeni.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ndipo napenda tusimame kidogo. Mwaka wa 1991 boom ikaondolewa, wanafunzi wakaanza kuchangia karo na kujinunulia chakula. Mwaka wa 1995 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha HELB. Sheria hiyo ina meno: uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, mwajiri akukate kwenye mshahara, na kila mwezi unaoukosa faini yake ni shilingi 5,000. Lakini ni miaka hiyohiyo ya 90 ambapo serikali, ikibanwa na masharti ya Benki ya Dunia na IMF, ilikuwa ikipunguza wafanyakazi. Yaani kamba ya kumfunga mwenye mshahara ilisokotwa wakati mishahara yenyewe inapunguzwa.

Sasa hesabu. Kabla ya mabadiliko ya 2023, karo ya vyuo vya ufundi vya umma ilikuwa 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000, zikabaki 26,420. HELB ilikopesha hadi 40,000: karo ikalipwa, na 13,580 zikabaki za matumizi. Miaka mitatu hivyo, unadaiwa 120,000. Riba ni asilimia 4, yaani karibu 4,800 kwa mwaka. Hiyo si riba ya kumkimbiza mtu. Programu za mkopo kwenye simu yako ni mbaya mara nyingi zaidi.

Shida iko kwenye mwezi wa kumi na tatu. Usipolipa mwezi huo mmoja, faini yake inashinda riba ya mwaka mzima. Usipolipa mwaka mzima, umeongeza 60,000, nusu ya ulichokopa. Miezi 24 ya kutolipa na deni limekuwa mara mbili. Mahakama Kuu imeshasema riba na faini zisizidi mkopo wenyewe, na nashukuru, lakini 240,000 bado ni 240,000.

Kwa muda fulani mashirika ndiyo yaliyoziba pengo. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulianza mwaka wa 2003 na Kenya ilikuwa ndani tangu mwanzo. Miradi ikahitaji washauri, wafuatiliaji, watu wa kutembelea nyumba. Diploma yetu ikapata soko. Januari 2025 Trump akasimamisha misaada, na kufikia Julai USAID ikafungwa. Watu waliokuwa wakilipa helb vizuri wakarudishwa nyumbani kwa barua.

Kazi yenyewe haikuisha, hilo ndilo linaloniuma. Tangu 2023 serikali ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Posho yao ni 5,000 kwa mwezi, 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Ndiyo, ni ileile 5,000 ya faini. Jirani yangu mmoja mwenye diploma hii anaifanya, na anaifanya vizuri.

Kwa hiyo wakiniuliza, siwaambii waache. Nawaambia waanze na ngazi ya cheti, level 5, ambayo ni fupi na deni lake ni dogo, kisha wapande wakishapata pa kushika. Atachimenti waitafute kaunti au idara ya watoto mapema, si kusubiri chuo kiwatafutie. Na kabla ya kujaza fomu ya helb, waandike kwenye karatasi jina la ofisi itakayowalipa mwezi wa kumi na tatu. Wengine hurudi na jina. Wengine hurudi na karatasi tupu, na hao tunakaa chini tupige hesabu upya, kuanzia karo yenyewe na nani nyumbani anaweza kuchanga nini.