Reli Imefika Mlangoni

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: bahasha imesukumwa chini ya mlango, na Mama hataki iguswe.

Babu ndiye aliyeichana, kwa kisu cha jikoni. Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, lakini tarakimu anazijua. Akaweka kidole kwenye kodi mpya, kisha akachungulia dirishani. Kule chini, University Boulevard, mafundi walikuwa wanatengeneza njia ya Purple Line.

"Hiyo treni inatoka wapi kwenda wapi?"

"Bethesda hadi New Carrollton, Babu. Maili 16. Inapita hapa hapa Langley Park."

Akaguna. "Basi mimi naijua."

Akaketi. Mwaka 1899, alisema, reli ya kutoka Mombasa ilifika maili ya 326, kwenye tambarare ya majimaji walikonyweshwa ng'ombe wetu. Waingereza wakasimika mahema, bohari, karakana. Kambi ikawa Nairobi. Mwaka 1904 Olonana, kiongozi wetu, akatia alama kwenye mkataba nao: Wamaasai wapishe Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia, wengine kusini, na kwamba huko hawatasumbuliwa maadamu Mmaasai yupo duniani.

"Ikadumu miaka mingapi?" nikauliza.

"Saba."

Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Baba yake Babu alihamishwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Wazee wakaenda kortini. Mwaka 1913 wakaambiwa mkataba ule ni wa dola na dola, korti haiwezi kuugusa. Dola gani hiyo isiyoweza kubaki na malisho yake?

Nikakumbuka somo la shuleni: Ardmore, Oklahoma, mji ulioanzishwa mwaka 1887 reli ya Santa Fe ilipoingia katika ardhi ya Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Nikamwambia Babu. Hakushangaa hata kidogo.

"Baba, hapa Marekani kuna sheria," Mama alisema, bila kutuangalia.

"Hata kule zilikuwepo, mwanangu. Zilikuja na treni."

Akanipa karatasi ya pili nimsomee. Haikuwa habari ya kodi. Ilikuwa nakala ya makubaliano: mpangaji amepokea fedha, atarudisha funguo mwisho wa mwezi, hatadai lolote.

"Nani katia sahihi?" Babu akauliza.

Nikanyamaza. Mwandiko ule naujua. Ndio uliosaini ripoti zangu zote za shule.

Mama akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

Itaendelea Jumamosi ijayo.